Ua Uliogeuka Mji

Anayefuatilia kandanda ya Uingereza huyataja majina haya kila wiki bila kuyatafakari: Everton, Brighton, Southampton, Wolverhampton, Luton, Bolton, Preston. Yote yanaishia kwa kipande kimoja, -ton, na kipande hicho ni neno lile lile ambalo mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa kuwa maana yake ni mji: "town". Likibanwa mwishoni mwa jina refu sauti yake hufifia. Likisimama peke yake husikika vizuri. Zamani liliandikwa "tun" na kutamkwa kwa u ndefu. Everton ni tun ya nguruwe mwitu. Preston ni tun ya mapadri. Aston, ile ya Aston Villa, ni tun ya mashariki, na ndani ya Wolverhampton amejificha bibi mmoja mwenye ardhi aliyeishi karne ya 10, Wulfrun. Nimesema tun badala ya mji kwa makusudi, kwa kuwa majina haya yalipotolewa, mahali pengi kati ya hapo hapakuwa na mji wowote. Palikuwa na makazi ya mkulima: nyumba mbili tatu, zizi, ghala, na ua uliozungushiwa vyote. Ua huo ndio chimbuko la neno, lakini Kiingereza peke yake hakitoshi kutuonyesha. Inabidi kuwauliza ndugu zake.

Kiingereza, Kiholanzi, Kijerumani, Kifrisia na lugha za Skandinavia ni jamii moja ambayo wanaisimu huiita Kigermaniki. Mholanzi ana neno "tuin", ila kwake ni bustani, ile ya maua na mboga nyuma ya nyumba. Mjerumani ana "Zaun", na hiyo ni ua au uzio wenyewe, wa fito, mbao au seng'enge. Mnorwe husema "tun" akimaanisha uwanja ulio katikati ya majengo ya shamba. Huko Aislandi "tún" ni konde la majani linalotiwa samadi kuzunguka nyumba ya mkulima, linalokatwa majani ya kuwalisha mifugo msimu wa theluji. Mji, bustani, uzio, uwanja, konde. Msomaji ana haki ya kuuliza ni nani aliyesema kwamba hili ni neno moja, maana "town" na "Zaun" hazilingani hata kwa herufi ya kwanza, na kimaana ziko mbalimbali. Jibu langu ni kwamba hazina haja ya kufanana. Maneno yanayofanana yanaweza kuwa yamekutana tu njiani. Kinachothibitisha udugu ni tofauti zinazokwenda kwa utaratibu, zikijirudia neno baada ya neno mpaka bahati nasibu isiweze tena kuzieleza.

Jambo hili si geni kwa Waswahili. Mtu wa Unguja ana macho. Kimvita na Kiamu husema mato. Unguja watu hucheka, Mombasa huteka. Huku wanachinja, kule wanatinda. Njia kule ni ndia, na njaa ni ndaa. Hakuna baraza lililokaa likapitisha azimio kwamba ch ya kusini iwe t ya kaskazini, na nj iwe nd. Sauti zilihama zenyewe, na zilipohama zilihama kwa mkumbo, si neno moja moja. Kwa sababu hiyo hakuna anayedai kuwa macho na mato ni maneno mawili yaliyofanana kwa sadfa, ingawa sauti yao ya katikati ni tofauti kabisa. Tofauti hiyo ndiyo ushahidi wetu, kwa kuwa tumeikuta pia kwenye cheka na chinja.

Sasa turudi Ulaya na kipimo hicho hicho. Kumi kwa Kiingereza ni "ten", kwa Kiholanzi "tien", kwa Kijerumani "zehn", na z hiyo husomwa kama ts. Mbili ni "two", "twee", "zwei". Ulimi ni "tongue", "tong", "Zunge". Jino ni "tooth", "tand", "Zahn". Panapoanza na t kwa Mwingereza na Mholanzi, kwa Mjerumani panaanza na z. Kwa hiyo z ya "Zaun" haiyatenganishi maneno yetu. Ndiyo sauti hasa tuliyopaswa kuitegemea. Kisha tazama irabu. Nyumba ni "house", "huis", "Haus", na kwa Kinorwe "hus". Panya ni "mouse", "muis", "Maus", "mus". Rangi ya kahawia ni "brown", "bruin", "braun", "brun". Weka chini yake "town", "tuin", "Zaun", "tun", na safu zinalingana bila kulazimishwa. Neno limefaulu mtihani mara mbili, kwa konsonanti na kwa irabu, na kila mtihani ni huru na mwenzake. Sauti ya zamani ni ile ya Mnorwe, u ndefu. Waingereza waliigeuza kati ya karne ya 15 na ya 17, lakini kaskazini mwa nchi wengine waligoma, na ndiyo maana mpaka leo mashabiki wa Newcastle United hujiita "Toon Army", jeshi la mji, kwa matamshi ambayo mababu zao wa miaka 1,000 iliyopita wangeyaelewa.

Utaratibu huu ulianza kuandikwa kisayansi mwanzoni mwa karne ya 19. Mdenmarki Rasmus Rask aliuonyesha katika kitabu cha 1818, na Mjerumani Jacob Grimm, yule yule aliyekusanya hadithi za watoto pamoja na ndugu yake, akaupanga kwa mapana mwaka 1822. Waliona kwamba t ya Kigermaniki hukutana na d ya Kilatini: "ten" na "decem", "two" na "duo". Wajerumani wa nyanda za juu za kusini wakaja kuisogeza t hiyo hatua moja zaidi, mpaka ts, baada ya dola la Kirumi la magharibi kuanguka. Wenzao wa pwani ya kaskazini hawakufuata, na katika Kijerumani chao cha asili uzio bado ni "Tuun". Kipimo hicho hakikubaki Ulaya. Carl Meinhof alikitumia kwa lugha za Kibantu katika kitabu cha 1899, na mwaka 1903 akaipa kanuni moja jina la mmisionari Edmund Dahl, aliyeigundua katika Kinyamwezi: silabi mbili zinazofuatana zikianza kwa sauti nyepesi kama t na k, ile ya kwanza huwa nzito. Ndiyo sababu tatu ya Mswahili ni datu kwa Mnyamwezi.

Atasema mtu: mwandishi amechagua mifano inayomfaa na kuificha isiyomfaa. Pingamizi hilo ni la haki, kwa hiyo tuitoe ile isiyofaa hadharani. Chai kwa Kiingereza ni "tea" na kwa Kijerumani ni "Tee", si kwa z. Jiwe ni "stone", Kiholanzi "steen", Kijerumani "Stein", na t imekaa pale pale. Je, kanuni imevunjika? Chai iliingia Ulaya katika karne ya 17, karibu miaka 1,000 baada ya Wajerumani kuacha kugeuza t kuwa ts. Mgeni aliyefika harusi imekwisha hapewi pilau. Kwa upande mwingine, kigae kilikuja na wajenzi wa Kirumi kwa jina la "tegula", kabla mabadiliko hayajaanza, na Wajerumani wakakigeuza kuwa "Ziegel" pamoja na maneno yao wenyewe, huku Waingereza wakibaki na "tile". Na jiwe? Sauti ya s mbele ya t huikinga isigeuke, na huikinga katika maneno yote, si katika jiwe peke yake. Vighairi navyo vina kanuni. Mdenmarki mwingine, Karl Verner, alifafanua kundi kubwa lililokuwa limebaki katika makala yake maarufu ya miaka ya 1870, na baada yake wanaisimu wakawa wagumu: neno lisilofuata utaratibu halikubaliwi mpaka lieleze sababu.

Ugumu huo una faida nyingine. Kipimo kinachokubali kila kitu hakipimi, na hiki hukataa hata maneno yanayofanana kama pacha. Siku kwa Kiingereza ni "day" na kwa Kilatini "dies"; mtu angeapa kwamba ni ndugu. Kanuni inasema d ya Kilatini lazima ikutane na t ya Kiingereza, kwa hiyo si ndugu. Kuwa na kitu ni "have" kwa Kiingereza na "habere" kwa Kilatini, na hapo tena macho yanatudanganya: ndugu halisi wa "have" katika Kilatini ni "capere", kushika au kukamata, kwa kuwa k ya Kilatini hulingana na h ya Kigermaniki kama inavyofanya katika maneno mengine chungu nzima.

Mfano mzuri wa udanganyifu wa macho ulitokea Ujiji mwaka 1871, ingawa waliohusika hawakuwa na habari nao. Jina Livingstone linaonekana waziwazi kubeba jiwe mwishoni. Halina. Limetoka mahali paitwapo Livingston, magharibi mwa Edinburgh, ambapo hati za Kilatini za karne ya 12 hupataja kuwa villa, yaani shamba na makazi, ya mtu mmoja aitwaye Leving. Wenyeji walisema tun ya Leving, na s ya umilikaji ikagandana na t ya tun. Baadaye watu wakasikia -ston wakadhani ni jiwe, wakaongeza e. Aliyemfuata Livingstone mpaka Ujiji alizaliwa John Rowlands akalichukua jina la Stanley huko Marekani, na jina hilo, ambalo kwa sikio la kawaida halina jiwe, ndilo lenye jiwe la kweli: "stan", jiwe katika Kiingereza cha Kale, pamoja na "leah", uwanda uliofyekwa miti.

Basi sauti zimekubali. Lakini maana je? Hapa ndipo wengi wanaposita, na kwa sababu nzuri: hakuna kanuni ya maana iliyo kali kama kanuni ya sauti. Uzio kuwa mji unaweza kuonekana kama mchezo wa wasomi. Dawa ni kulitafuta neno likiwa njiani, katika maandishi ya watu waliolitumia. Sheria za Æthelberht, mfalme wa Kent aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 7, ni kati ya maandishi ya kwanza kabisa kutungwa kwa Kiingereza. Nakala tuliyonayo ni ya karne ya 12, imo katika kitabu cha kanisa kuu la Rochester. Mfalme anaagiza kwamba watu wakiivamia tun ya mtu, wa kwanza kuingia atalipa faini ya shilingi 6, wa pili shilingi 3, na kila anayefuata shilingi 1. Akiuawa mtu ndani ya tun ya mfalme, faini ni shilingi 50. Hebu itazame hiyo ngazi ya faini. Wa kwanza analipa zaidi kwa sababu ndiye aliyevunja. Waliomfuata wamepita palipokwisha kubomoka. Tun hapa ina ndani na nje, ina mwenyewe, na kuna kosa la kuuvuka mpaka wake. Haiwezi kuwa mji. Katika lugha hiyo hiyo kitenzi "tynan" kilimaanisha kufunga au kuziba, "æppeltun" ilikuwa shamba la matofaa, "wyrttun" bustani ya mboga, na "lictun" makaburi, yaani ua wa maiti. Waingereza wa kale, kumbe, walikuwa na bustani ndani ya neno lao kama Waholanzi wa leo.

Waholanzi nao walikuwa na uzio ndani ya bustani yao. Katika sarafu ndogo za shaba za jimbo la Holland, za mwishoni mwa karne ya 16 na za karne iliyofuata, amechorwa msichana ameketi ndani ya duara la ua, na ua wenyewe umesukwa kwa fito kuzunguka vigingi, na kijilango mbele. Picha hiyo huitwa "tuin" ya Holland, na kinachoonekana hapo kwanza kabisa ni ua. Kiholanzi cha leo kingali na msemo wa kumwongoza mtu kuzunguka "tuin", maana yake kumlaghai. Ukitafsiri kwa bustani, msemo haueleweki. Ukitafsiri kwa ua, unamwona mjinga anazungushwa nje, haonyeshwi mlango.

Anayesema Kiswahili asingepaswa kushangaa sana. Ua ni makuti au matete yaliyosimamishwa kuzunguka nyumba, na ua ni pale penyewe palipozungushiwa, ambapo hupikwa, hufuliwa na kuanikwa. Akina mama wako uani. Hakuna anayefikiri kwamba wamekaa juu ya fito. Neno letu limefika pale lilipo neno la Mnorwe. Na hatua inayofuata, kutoka makazi ya ukoo mmoja hadi mji, Kiswahili kimeipitia kwa neno jingine. Mji wetu ni ndugu wa "umuzi" wa Kizulu, ambao ni makazi ya mwenye nyumba na jamaa zake, na wa "mudzi" wa Kichewa, ambao ni kijiji. Mijikenda wanapojiita Midzichenda hawadai majiji tisa. Wanazitaja kaya zao tisa za jadi, vijiji vilivyojengwa ndani ya msitu na kuzungushiwa ua imara wenye milango. Ulaya yenyewe ina ushahidi mwingine nje ya Kigermaniki: "villa" ya Kilatini, shamba la tajiri, ndiyo iliyokuwa "ville" ya Kifaransa, mji. Kwa hesabu hiyo jina la Aston Villa lina mashamba mawili yaliyofuatana, moja la Kigermaniki na moja la Kirumi.

Kwa nini basi ni Kiingereza peke yake kilichofika mwisho wa njia? Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni makazi yenyewe. Makazi ya mkulima yaliongezeka watoto na wakwe, jirani akajenga kando, soko likafuata, nyua zikabomolewa, na jina likabaki juu ya kilichokua. Wajerumani walikuwa na njia nyingine ya kuita miji, "Stadt", kwa hiyo "Zaun" haikuhitaji kupanda cheo. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilileta "city" kwa miji mikubwa na "village" kwa vijiji, na "town" ikakaa katikati, mahali ilipo mpaka leo. Skotilandi mabadiliko yalichelewa. Mpaka karne ya 18 kulikuwa na "fermtoun", kikundi cha nyumba za wakulima waliolima ardhi moja pamoja, na hakuna aliyeiona kuwa mji.

Limebaki swali moja ambalo wanaisimu hawajakubaliana, nalo linastahili kuelezwa kwa kuwa linaonyesha kipimo hiki kinaishia wapi. Waselti, waliokuwa majirani wa Wagermaniki kabla ya Warumi kuja, walikuwa na neno "dunon", ngome. Warumi waliliandika "dunum": Lugdunum ndiyo Lyon ya leo, na Verdun ya Ufaransa ilikuwa Virodunum. Kwa Kiayalandi ngome ni "dún". Na d ya Kiselti, kama ya Kilatini, hulingana na t ya Kigermaniki, kwa hiyo Verdun na Everton zina neno moja mwishoni. Mzozo ni kama Wagermaniki walilirithi neno hilo pamoja na Waselti kutoka kwa babu mmoja, au walilikopa kwao mapema sana, kabla d haijageuka t. Waliolikopa wangepata t. Waliolirithi wangepata t vile vile. Kwa neno "rich", tajiri, swali kama hilo lilipata jibu: limekopwa kwa Waselti, kwa kuwa irabu yake ni i ndefu ya Kiselti, na Wagermaniki wangelirithi wenyewe lingekuwa na e, kama "rex" ya Kilatini. Katika "town" irabu ni u ndefu pande zote mbili, na haimshitaki mtu. Wanaoshikilia mkopo wanasema neno hili halina ndugu wa uhakika nje ya lugha za Kiselti na Kigermaniki, na kwamba Wagermaniki walichukua kwa majirani hao hata jina la chuma. Hoja hiyo ina nguvu. Linalonizuia kuikubali moja kwa moja ni kwamba neno likikopwa kwa ajili ya ngome, ungetarajia ngome ibaki katika lugha walau moja ya Kigermaniki, na haipo: ngome zao waliziita kwa neno lao jingine, "burg". Kila tunapoikuta tun kwao, kuanzia Aislandi hadi milima ya kusini mwa Ujerumani, tunakuta ua wa mkulima au kilichomo ndani yake. Hata hivyo pande zote mbili zinakubaliana juu ya wakati: neno lilikuwa vinywani mwa Wagermaniki kabla d haijawa t, yaani kabla hata jina la Uingereza halijakuwapo.